Kupanua bwawa la samaki la nyuma ya nyumba: mwongozo kamili, kuanzia kigingi cha kwanza mpaka kuvunja ukuta wa kati

Watu wengi wanaanza na kabwawa kadogo nyuma ya nyumba, mita 4 kwa 3 hivi, wanaweka vifaranga vya sato, mambo yanaenda vizuri, alafu baada ya mda wanaanza kuona alfajiri samaki wamepanda juu wanahema midomo nje, au samaki wamegoma kuzidi kiganja hata walishwe vipi. Hapo mtu anaamua kupanua. Na hapo hapo ndo mabwawa mengi yanapoharibika, maana mtu anashika jembe anaanza kukata kingo za bwawa lile lile likiwa na maji na samaki ndani, udongo unamomonyoka, maji yanageuka tope, samaki wanakufa, na kingo mpya zikikauka zinavuja kila masika.

Njia ninayoiamini ni nyingine. Unachimba upande mpya pembeni ya bwawa la zamani, katikati unaacha ukuta wa udongo ambao haujaguswa, unamaliza upande mpya kabisa mpaka maji yake yanakuwa kijani, unahamishia samaki huko, unasafisha la zamani kwa nafasi yako, na ukuta wa kati unakuwa kitu cha mwisho kuvunjwa. Samaki hawalali hata usiku mmoja kwenye ndoo, na wewe hufanyi kazi kwa presha.

Mfano nitakaotumia mwanzo mwisho ni wa Morogoro, kwenye ule udongo mwekundu wa mfinyanzi chini ya milima ya Uluguru, bwawa la udongo la mita 4 kwa 3 lenye kina cha sentimita 80, linapanuliwa liwe mita 8 kwa 4. Wa pwani kwenye mchanga, Kigamboni, Mbagala na kwingineko, nimewawekea sehemu yenu kule chini kwenye laina (nailoni nzito ya kutandika bwawani maji yasivuje).

Kwanza jiulize kama kweli shida ni ukubwa

Sato na perege wanazaa mapema sana, samaki wa gramu 30 au 40 tu akibanwa kwenye bwawa dogo anaanza kutaga, na jike anatunza mayai na watoto mdomoni kwahiyo wengi wanapona. Kama uliweka madume na majike mchanganyiko, baada ya miezi michache bwawa limejaa vitoto vinavyokula chakula cha wakubwa, na hata ukipanua mara tatu vitaongezeka mara tatu. Vuta wavu uangalie. Ukikuta vidogo vya saizi tofauti tofauti wamejaa, tatizo lako la kwanza ni hilo. Vuna vidogo vyote, kaanga, kausha, lisha kuku, alafu mzunguko unaofuata weka vifaranga madume watupu, au weka kambale wachache wawe wanakula vitoto (kambale wakati wa kuwekwa wawe wadogo kuliko sato, la sivyo watakula sato wenyewe).

Kama samaki wako ni wa saizi moja, wana afya, ila wanahema alfajiri na hawakui, basi nafasi na hewa ndo havitoshi. Endelea kusoma.

Panua kwa upana, usichimbe kwenda chini

Hili nalisisitiza kwa sababu kila fundi utakayempata atakwambia tuchimbe tu chini, eneo ni dogo. Hewa ya oksijeni inaingia kwenye maji kupitia juu, na ile nyingine inatengenezwa na vile vijimea vidogo vya kijani ndani ya maji ambavyo vinahitaji jua. Jua halifiki mbali kwenye maji ya kijani. Ukichimba mita 2 ukapata maji mengi, nusu ya chini inakuwa ya baridi, haina hewa, uchafu unaozea huko, samaki wenyewe wanaikimbia. Alafu siku inapiga mvua kubwa ya ghafla au upepo mkali, maji ya juu yanapoa, yanachanganyikana na yale ya chini, asubuhi unakuta samaki wanaelea. Kwa bwawa la nyumbani sentimita 80 upande wa kina kifupi na mita 1 mpaka 1.2 upande wa kina kirefu inatosha kabisa.

Kagua eneo kabla hujapiga jembe

Chimba kashimo kwenye sehemu mpya, kina cha kiuno. Asubuhi kijaze maji mpaka juu, jioni rudi uone yameshuka kiasi gani, ni lazima yashuke kwa sababu udongo ulikuwa unakunywa. Jaza tena mpaka juu, funika kwa matawi na majani, lala. Kesho asubuhi kama maji mengi bado yapo, udongo unashika, chimba. Kama yamekwisha, hapo utahitaji laina, usijidanganye kwamba yatatulia yenyewe. Na usiseme mbona bwawa la zamani linashika, mita 5 tu pembeni unaweza kukuta mkanda wa mchanga.

Angalia choo na shimo la majitaka, angalau mita 15 kutoka bwawa na lisiwe upande wa juu wa mteremko. Msingi wa nyumba uwe mita 3 au zaidi, na ukuta wa jirani vivyo hivyo, unyevu wa bwawa unatembea na hutaki kesi na jirani. Ulizia bomba la maji na waya wa umeme vimepita wapi kama vimezikwa.

Sasa miti. Mwembe mizizi yake inatoboa kingo na majani yake yanaoza ndani. Mwarobaini majani yake yakiingia kwa wingi si mazuri kwa samaki. Lakini wa kuogopa kuliko wote ni uzio wa minyaa, na nyumba nyingi zina uzio huo huo nyuma ambako bwawa lipo! Utomvu wa minyaa ni sumu ya samaki, toka zamani watu wanautumia kuvulia mtoni, sawa na utupa. Ukipanua ukafika karibu na uzio ukakata matawi au mizizi, ule utomvu mweupe ukadondokea kwenye maji umeua bwawa zima, na ukikurukia machoni utakimbizwa hospitali. Acha mita 3 kati ya minyaa na maji, na siku ya kupogoa kata ukiwa umesimama upande wa bwawa, matawi yaangukie nje.

Piga hesabu hapa, kabla ya kumlipa mtu

Bwawa la udongo haliwi na kuta zilizosimama wima, zitabomoka. Zinalazwa, kwa mfinyanzi mzuri ukishuka mita 1 unaingia ndani mita 1. Kwahiyo bwawa la mita 8 kwa 4 juu, chini linakuwa mita 6 kwa 2 tu. Maji yake sio mita za ujazo 32 kama wengi wanavyozidisha, ni kama 21. Hiyo ni lita 21,000, au uniti 21 kwenye bili ya maji, jaza mara moja tu. Bwawa la zamani lilikuwa limebeba kama mita za ujazo 6, kwahiyo cha kuchimba ni kama 15, na udongo ukishachimbwa unavimba, unakuwa kama 19. Toroli moja linabeba lita 60 hivi, fanya mwenyewe: ni matoroli 300 na ushee. Ukijua hilo utajua kama ni kazi ya wewe na vijana wako wikiendi kadhaa au ni ya vibarua, na utajua pia kwamba lazima uamue mapema udongo unaenda wapi.

Na jua linakunywa. Kwa siku ya kawaida bwawa linapoteza kama milimita 5 kwa jua na upepo, kwenye mita za mraba 32 ni lita 160, madumu 8 ya lita 20 kila siku, hapo hujahesabu yanayopotelea chini. Kama kisima chako kinakauka mwezi wa tisa, panua kidogo kuliko unavyotamani. Na kama maji utayatoa mtoni au kwenye kisima kirefu, pita kwanza ofisi ya bodi ya maji ya bonde uulizie kibali, na mwone afisa uvuvi wa halmashauri aje kuangalia eneo.

Samaki je? Bila kipampu cha hewa, kwa kulisha kawaida, weka 3 kwa kila mita ya mraba ya juu ya maji. Hicho ni kiwango cha uhakika, hata Kenya kwenye ule mpango wa serikali wa kuanzia 2009 mabwawa yalikuwa ya mita za mraba 300 na vifaranga 1,000. Bwawa lako la zamani la mita za mraba 12 lilikuwa la samaki 36, sasa la 32 linakuwa la samaki 96, sema 100. Kama ulikuwa umeweka 100 kwenye lile dogo basi umeshajua kwanini walikuwa wanahema.

Wakati

Baada ya masika kuisha, mwezi wa sita mpaka wa nane. Udongo bado una unyevu unashindilika, mvua hazikusumbui, na hali ya hewa ya baridi kidogo inawapunguzia samaki usumbufu siku ya kuwahamisha. Mpaka vuli inaanza bwawa limeshatulia.

Kuchimba upande mpya

Piga vigingi vinne na kamba. Toka ukingo wa bwawa la zamani (ule wa mita 4) pima mita 1, hiyo ndo unauacha kama ukuta wa kati, weka alama ya chokaa na mwambie kila anayeshika sururu kwamba hapo haguswi mtu. Kutoka hapo pima mita 4 kwenda mbele. Mita 3 za zamani, 1 ya ukuta, 4 mpya, ndo hizo 8.

Ondoa kwanza udongo wa juu, sentimita 20 hivi, ule mweusi wenye mizizi na majani, uweke peke yake. Huu haujengi kingo kamwe, mizizi ikioza inaacha mirija ambayo maji yanapita. Peleka kwenye mchicha na migomba. Ule mwekundu wa chini ndo wa kujengea, uweke karibu.

Chimba katikati kwanza kwenda chini mpaka kina unachotaka, alafu ndo ukate pembeni kwa mlazo. Wengi wanaanza kwa kukata ukuta wima alafu wanajaribu kuulaza kwa kubandika udongo, udongo wa kubandika hautashika hata siku moja, mlazo unakatwa kwenye udongo mgumu wenyewe. Upande wa ukuta wa kati nao ulaze hivyo hivyo, upande wa pili una maji na maji hayo yanasukuma kwa nguvu, ukiuona unatoa jasho kidogo ni kawaida, ukiona maji yanachuruzika simamisha kazi, punguza maji ya bwawa la zamani mpaka nusu na ushindilie mfinyanzi hapo.

Sakafu iwe na mteremko wa sentimita 10 mpaka 15 kutoka mwanzo mpaka mwisho kuelekea kwenye tundu la kutolea maji. Kama tundu lako liko upande wa zamani, sakafu mpya iwe juu kuliko ya zamani, la sivyo utabaki na dimbwi la tope ambalo halitoki na samaki wote siku ya kuvuna wanajificha humo. Kama unatumia pampu, weka kashimo ka futi 2 kwa 2 upande wa kina kirefu uzamishe mdomo wa pampu.

Kingo, na maungio ya kingo mpya na za zamani

Hapa taratibu jamani. Bwawa lililopanuliwa likivuja, anza kutafuta pale ukingo mpya ulipokutana na wa zamani. Ukingo wa zamani una nyasi, una vumbi, umekauka na umekaza, ukimwaga udongo mpya juu yake hivihivi vinakaa kama vitu viwili na katikati maji yanapata njia.

Futa nyasi na mizizi yote kwenye ncha ya ukingo wa zamani. Alafu ukate kwa ngazi, ngazi moja sentimita 20 kwenda juu na 30 kwenda ndani, ili udongo mpya ukae juu ya ngazi na sio kuegemea mteremko. Kwaruza kwa jembe, mwagia maji udongo uwe na unyevu lakini usiwe tope (ukiufinyanga mkononi unakaa donge, ukiachia halipasuki na mkono haujachafuka sana). Weka udongo mwekundu tabaka la sentimita 15, shindilia kwa gogo zito mpaka kisigino chako hakiachi alama, mwagia kidogo, kwaruza, tabaka lingine. Haraka ya kumwaga sentimita 40 alafu kupigapiga juu haifai, juu panakaza na chini pamebaki laini.

Juu ya ukingo pawe sentimita 60 kwa upana uweze kutembea, na urefu wake uzidi maji kwa sentimita 30. Kisha pima levo. Chukua mpira mwembamba unaoonyesha, jaza maji, mmoja ashike huku na mwingine kule, kama mafundi ujenzi wanavyofanya, zunguka bwawa lote, zamani na jipya. Sehemu moja ikiwa chini kwa sentimita 10 tu maji yote ya mvua yatatokea hapo na kula ukingo.

Bomba la kupunguzia maji ya mvua, PVC ya inchi 4, liweke kwenye usawa unaotaka maji yaishie, na mdomo wa ndani uufunge wavu mgumu wenye matundu madogo kuliko kifaranga chako. Bwawa likiongezeka ukubwa maji ya mvua yanayotoka nayo yanaongezeka, bomba la inchi 2 la zamani halitafaa. Na wavu sio kwa ajili ya hasara yako peke yake. Mito ya Wami, Ruvu na Rufiji ina perege wake wa asili ambaye hayuko kila mahali duniani, sato akitoroka kwa mtaro akaingia mtoni anazaliana naye na kumsukuma nje. Ukikaa Morogoro mtaro wako unaishia huko, kwahiyo funga wavu.

Kama udongo haushiki: laina au saruji

Laina ni ile nailoni nzito nyeusi ya mabwawa, chukua ya milimita 0.75 au 1, ya 0.5 itatobolewa na mizizi na vijiwe. Kipimo: urefu wa bwawa jumlisha kina mara mbili jumlisha mita 1.2 ya kufukia pembeni, upana hivyo hivyo. Kwa bwawa letu ni 8 + 2 + 1.2 = mita 11.2, na 4 + 2 + 1.2 = mita 7.2. Kwa kuta zilizolazwa itabaki kidogo, nzuri, usiikate mpaka maji yamejaa maana inavutwa na uzito.

Kama bwawa lako la zamani lina laina, kuungia kipande kwa gundi achana nako. Laina inaungwa kwa mashine ya joto, na kumleta fundi wa mashine kwa muungo mmoja mara nyingi gharama yake inakaribia laina nyingine nzima. Nunua moja kubwa. Hapo mbinu ya ukuta wa kati inabadilika, itabidi uvunje kila kitu kwanza, kwahiyo samaki wakae kwenye simtank ya lita 1,000 siku chache: samaki 36 wa gramu 150 ni kilo 5 na kidogo, wanatosha kama unabadilisha robo ya maji asubuhi na jioni, kivuli kipo, na huwalishi. Kabla ya kutandika pitisha mkono kwenye sakafu yote, kila kijiwe na kila kisiki toa, mwaga mchanga laini sentimita 5, tandika mchana jua likiwa kali nailoni ikiwa laini, chimba mtaro wa sentimita 30 kuzunguka, ingiza ncha, fukia.

Saruji sina mengi. Ni ghali, inahitaji nondo kwenye sakafu na kuta, na maungio ya zege jipya na la zamani yanapasuka mara nyingi, dawa ya wotapruufu peke yake haiwezi kuziba ufa unaotembea. Kama ni saruji bora ujenge bwawa la pili kando uunganishe na bomba. Na jipya lisiwekwe samaki mpaka ulijaze maji, ukae siku 4 au 5, umwage, ujaze tena, mara tatu hivi, maana saruji mpya inafanya maji kuwa makali kwa samaki. Watu wengi hutupia vigogo vya mgomba vilivyokatwakatwa vikaozea humo alafu wakasafisha.

Chokaa, maji, na kijani

Sakafu ya upande mpya nyunyiza chokaa ya kilimo, gramu 100 mpaka 150 kwa mita ya mraba, mpaka kwenye kuta. Chokaa ya kilimo nasema, ile ya kujengea inaunguza, usiishike bila uzoefu.

Siku 5 mpaka 7 baadae ingiza maji. Ya bomba yenye klorini yaache kwenye tanki lililo wazi siku 2, au yajaze bwawani mapema kabla samaki hawajaingia. Maji ya mpira yaangukie kwenye jiwe au tofali, yasichimbe kingo mpya.

Maji yakifika usawa, fanya kipimo cha ndoo, usikiruke. Chukua ndoo, ijaze maji, iweke pembeni ya bwawa juani, weka alama ya maji ndani ya ndoo na alama kwenye kijiti ulichochomeka bwawani. Baada ya siku 3 linganisha. Vyote vikishuka sawa, ni jua tu. Bwawa likishuka zaidi ya ndoo, hiyo ziada inavuja, na mara nyingi ukipita nje ya ukingo pale kwenye maungio utaona udongo una unyevu au nyasi zimeota kijani peke yake. Sasa hivi kurekebisha ni rahisi kwa sababu hamna samaki.

Alafu mbolea. Samadi ya kuku iliyokauka, gramu 50 kwa mita ya mraba kwa wiki, weka kwenye kiroba, funga, kining'inize kona moja kiguse maji, kitingishe kila siku. Kabla ya hapo chota ndoo 5 au 6 za maji ya kijani ya bwawa la zamani umwage kwenye jipya, ile ni mbegu, inaharakisha sana. Siku 7 mpaka 10 maji yanakuwa kijani. Kipimo ni mkono: zamisha mkono ulionyooka, ukifika kwenye kiwiko vidole ndo vinapotea machoni, maji yako sawa. Vikipotea mapema zaidi toa kiroba. Ukiona vidole mpaka begani, bado.

Kuhamisha samaki

Siku moja kabla usiwalishe. Asubuhi mapema, saa 12 na nusu mpaka saa 2, maji ya baridi. Punguza maji ya zamani mpaka magotini, vuta wavu laini usio na mafundo, polepole, watu wawili. Mikono iwe imelowa, samaki ana ute unaomkinga, mkono mkavu au gunia linautoa na baada ya siku chache anaota kama pamba nyeupe mwilini. Wachache wachache kwenye ndoo yenye maji ya bwawa lao, ndoo izamishwe kwenye bwawa jipya robo saa, ongeza maji mapya kidogo kidogo, kisha ilaze watoke wenyewe. Atakayekuwa na kidonda, mumle leo hii.

Siku hiyo chakula hamna. Kesho yake robo ya kawaida.

Bwawa la zamani

Toa maji yote. Utakuta tope jeusi linanuka kama yai bovu, lote toa mpaka ufike kwenye udongo mgumu, peleka shambani, migomba itakushukuru. Usilitumie kupaka kingo. Ziba mashimo ya kaa na panya, laza upya kuta zilizomomonyoka, acha pakauke wiki 1 mpaka 2 sakafu ipasuke pasuke nyufa, nyunyiza chokaa. Huu ukaushaji unaua minyoo, mayai ya wadudu na konokono wengi, na konokono ndo wanabeba kichocho, kwahiyo nyasi za kwenye maji pembeni fyeka zote, samaki wafike mpaka ukingoni wale viluwiluwi vya mbu.

Sasa ukuta wa kati

Kabla hujauvunja fikiria mara moja tu kama kweli unataka. Mabwawa mawili yenye ukuta na bomba la inchi 4 yana faida yake, huku vifaranga kule wakubwa, ugonjwa ukiingia haumalizi wote. Kama unazalisha vifaranga mwenyewe ningekushauri uuache. Kama lengo ni nyama tu kwa ajili ya nyumbani na majirani, vunja, utapata eneo zaidi na wavu utavuta mara moja.

Namna ya kuvunja: punguza maji ya upande mpya mpaka kina cha sentimita 60 hivi. Upande wa zamani ukiwa mkavu, kata ukuta kutoka juu kushuka mpaka ubaki kama sentimita 15 juu ya usawa wa maji, udongo wote utoe kwa toroli, usiache udondoke. Usipunguze unene wake kwa chini. Kisha jaza upande wa zamani taratibu mpaka maji yalingane pande zote mbili. Yakishalingana hakuna kinachosukuma, ndo unatoboa katikati kwa jembe, upana wa futi 2, unaacha mpaka kesho samaki waanze kupita. Kesho na keshokutwa panua kuelekea pembeni, saa chache tu kwa siku, asubuhi. Maji yatakuwa tope upande mmoja, samaki watakimbilia upande wa mbali, waache. Ukifika sentimita 40 kutoka sakafuni simama hapo. Hako kakingo ka chini kaache mpaka siku ya kuvuna utakapotoa maji yote, ukijilazimisha kukatoa sasa unatibua tope la chini kabisa na ndo linaloziba mashavu ya samaki. Jaza maji mpaka usawa wa bomba.

Kama wiki imepita na maji bado ya udongo, nyunyiza chokaa ya kilimo kidogo kwenye maji au zamisha mafungu machache ya nyasi kavu kwa siku chache, yatatulia.

Usalama, kabla ya kuongeza samaki

Bwawa la mita 8 sio karo tena, mtoto wa miaka 3 anazama humo kimya kimya. Uzio wa wavu au fito, mlango wenye komeo, kabla hata ya maji kujaa. Siongezi neno hapo. Uzio huo huo unazuia kenge. Juu tandaza wavu wa ndege, maana yangeyange na mdiria wakishaona maji mapana watakuwa wageni wa kila siku.

Kuongeza vifaranga na chakula

Subiri wiki 2 baada ya kuvunja ukuta. Ongeza vifaranga vya kufikisha 100, vikubwa kidogo, gramu 10 kwenda juu, ikiwezekana madume watupu, toka kwa mzalishaji anayeeleweka au kituo cha serikali kama kile cha Kingolwira hapo Morogoro, beba asubuhi. Vidogo vikiwa na wakubwa vinanyimwa chakula, kwahiyo chakula mwaga sehemu mbili, punje kubwa huku na unga kule.

Lisha saa 4 asubuhi na saa 10 jioni, sio alfajiri hewa ikiwa chache. Kiasi ni asilimia 3 ya uzito wao wote: samaki 100 wa wastani wa gramu 100 ni kilo 10, gramu 300 kwa siku, nusu asubuhi nusu jioni. Pima kila mwezi samaki 10 kwenye mizani, tafuta wastani, rekebisha. Chakula kikibaki kinaelea baada ya dakika 15 umezidisha, na ukiona asubuhi wanahema juu, siku hiyo usilishe, toa kiroba cha samadi, ingiza maji mapya kwa kuyarusha kutoka juu mpaka watulie, kisha hesabu samaki wako upya.